Shaba Chini ya Balize

Juzi wamekuja watu kutoka Kinshasa, mashati meupe, viatu vya kung'aa, wakasimama kwenye majani kando ya uwanja wa ndege wa Kindu wakauliza: "Mama, ile balize ya zamani ilikuwa wapi?" Mimi nilikuwa langoni nauza maandazi yangu kama kawaida. Nikawaangalia kuanzia juu mpaka chini. Sasa njo wanauliza, ndiyo kwanza sasa! Nikawaambia, "Mumuulize Mungu," nikaendelea kukaanga. Mmoja akacheka, akafikiri natania. Mimi sitanii. Mimi ni Pélagie, mke wa Nestor, na Nestor ndiye aliyekuwa mlinzi wa balize ile. Mtaani wananiita Mama Malaika, ingawa Malaika mwenyewe, binti yangu, sasa amelala katika udongo wa Punia.

Kama hujui balize ni nini, usione haya, hata wakubwa wengi hawajui. Ni mashine ya redio inayokaa chini, haiendi popote. Kazi yake ni kuita jina lake hewani, kwa milio mifupi na mirefu, saa zote: niko hapa, niko hapa. Kule juu rubani ana sindano mbele ya macho yake, na sindano hiyo inageukia upande mwito unakotoka. Mawingu yafunike nchi nzima, rubani akiifuata sindano anajua wakati gani Kindu iko chini ya tumbo la ndege yake, na kuanzia hapo anajua pa kugeukia na pa kushukia. Haitaki setilaiti hata moja. Inataka mazutu, yale mafuta ya jenereta, nguzo mbili na waya juu, na shaba chini. Hiyo ya chini watu hawaioni: ni nyaya zilizozikwa ardhini, zimetandazwa pande zote kuanzia kwenye nguzo kama njiti za gurudumu la baiskeli, ndizo zinazoipa sauti nguvu ya kufika mbali. Ukiziondoa, mashine inabaki kunong'ona.

Wakati wa vita mji wetu ulifungwa. Treni haikuja tena. Barabara zilikuwa za wapiganaji wa msituni. Ukitoka kwenda shambani ulikuwa unakwenda kutafuta kifo chako ukiwa na jembe begani. Chumvi, sabuni, dawa, vyote vilishuka kutoka juu. Tulikuwa tunaomba ndege kama wengine wanavyoomba mvua. Risasi zilipiga kanisa, zikapiga msikiti, zikapiga shule. Balize hakuna aliyeigusa. Unajua kwa nini? Si kwa heshima ya Nestor, aka! Kila mkubwa aliyeushika mji alikuwa na ndege zake: zinaleta bunduki na pombe, zinaondoka na madini ya Punia na Kampene. Wakija hawa, wanamwekea Nestor askari wa kumlinda. Wakiondoka, wanakuja wale, nao wanamwekea askari wao. Nestor alizoea kusema, "Niko na bibi wawili, na huyu wa chuma njo wanamuheshimu." Nami namjibu, "Basi uende akupikie."

Sitasema uongo: balize ile ililisha vita. Lakini ililisha na watoto wetu. Ndege moja inashusha masanduku ya risasi, nyingine inashusha dawa. Malaika wangu alikuwa mdogo, surua ikamkamata mpaka macho yakafumba. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mji, hayatoki. Ndege ya dawa ilishuka ndani ya mawingu yale yale ikifuata sindano, na wakati huo Nestor alikuwa amechutama kwenye jenereta, ameubana mpira wa mazutu kwa mkono kwa sababu ulikuwa umepasuka. Alinuka mazutu wiki nzima. Malaika akapona. Kwa hiyo usiniulize kama naichukia balize.

Vita havikuiua. Amani ndiyo iliyoiua.

Amani ilipokuja, marubani wapya wakaja na GPS, kitu kidogo tu wanakibandika kwenye kioo. Kinaongea na setilaiti, kinamwonyesha rubani Kindu hata kama bado yuko Kisangani. Basi nani atahangaika tena na mazutu ya Nestor? Wakubwa wakamwambia, "Papa, zima kwanza, tutakuita." Hawakumwita. Lakini Nestor hakuacha kwenda. Alikuwa anakata majani kuzunguka nguzo, anafuta vumbi kwenye mashine, anarudi nyumbani anasema, "Iko muzima. Inalala tu." Na zile nyaya za chini hakumwambia mtu zinapita wapi, maana aliujua mji wake. Kwetu Maniema kila mtu ni mchimbaji. Mwalimu akikosa chaki anakwenda kuchimba, mganga akikosa wagonjwa anakwenda kuchimba. Ukiangusha sindano ukainama kuitafuta, jirani anakuja na koleo.

Halafu akaja Israël. Kijana wa Kampene, mchimbaji, mfupi, meno mazuri, anacheka hata na mbuzi. Malaika alikuwa amekwisha kuwa msichana mkubwa, na moyo wake ukaanguka kwa Israël, basi, hausikii tena la mtu. Mimi sikumkataa. Nestor naye hakumkataa. Aliyepanga mahari alikuwa Mbaraka, kaka yake Nestor, maana kwetu baba haozi binti yake peke yake. Mbaraka ni Mwislamu, sisi ni watu wa kanisa, tunakula wali wa sikukuu zote na hatugombani kwa dini. Tunagombana kwa mbuzi. Mbaraka akataja mbuzi, akataja mabati, akataja baiskeli, akataja kanzu yake na koti la Nestor, akataja vitenge vya mashangazi ambao hata sikuwajua. Nikamwambia, "Shemeji, unaoza mutoto ao unauza ndege?" Akanijibu, "Asiye na kitu asitafute bibi wa watu."

Israël akainamisha kichwa, akaondoka. Tukafikiri amekata tamaa. Malaika alinyamaza nyumbani kama mtu mwenye homa. Halafu siku moja tunasikia kelele njiani, Israël huyo! Mbuzi, mabati, baiskeli, vyote, kwa mara moja. Mashangazi wakapiga vigelegele. Hata mimi nilipiga, nilipiga sana. Tukala, tukacheza, Mbaraka akavaa kanzu yake papo hapo.

Baada ya sherehe Nestor akaenda kukata majani yake. Alirudi mapema, akaketi mlangoni, panga bado liko mkononi. Nikamuuliza, "Baba Malaika, kuna nini?" Akasema, "Wamenitoa mishipa." Ardhi yote kuzunguka balize ilikuwa imefunguliwa kwa mitaro, na shaba haikuwepo. Haikuchukua muda mji mzima ukajua. Vijana waliombebea Israël mzigo wa shaba mpaka kwenye boti la wafanyabiashara walikunywa pombe wakasema.

Na hapo bado. Ngoja nikueleze ujinga wetu sisi watu wa Maniema, kwa sababu hakuna pengine duniani watu wangefanya hivi. Watu walipoona mitaro, na wakasikia kwamba mchimbaji wa Kampene amelipa mahari yote kwa siku moja, hawakuamini kwamba ni waya tu. Wakasema: pale kuna kitu. Wabelgiji walizika kitu pale. Mmoja akasema zebaki nyekundu, ile ya hadithi, ambayo tone moja tu linanunua gari, eti wazungu waliificha ndani ya taa za vioo za mashine za zamani. Wee! Wakaja na makoleo, wakaja na sururu, wake kwa waume. Wakavunja mlango wa kibanda. Wakapasua zile taa moja baada ya nyingine, wakachungulia ndani. Vumbi. Wakaangusha nguzo ili waangalie chini ya miguu yake. Udongo. Nestor alisimama anapiga kelele mpaka sauti ikakauka, na wao wanamwambia kwa upole kabisa, "Papa, utulie. Tukipata tutakugawia."

Alitaka kumpeleka Israël polisi. Mbaraka akaja mbio, kanzu imekunjwa kiunoni. "Nestor, uko na wazimu? Unamupeleka mukwe wako kwa polisi? Mbuzi zake tumekwisha kula! Nani atakuja tena kuoa kwetu?" Na wazee wote wakasema vile vile. Kwetu mkwe ni mkwe. Unaweza kumnunia, huwezi kumfunga. Nestor akameza. Lakini tangu siku ile hakula tena sahani moja na Israël, na Israël alipomhamisha Malaika kwenda kuchimba kule Punia, Nestor hakutoka nje kuwaaga. Malaika alilia mpaka mwisho wa njia. Nikasema moyoni, analia kwa kuacha nyumba ya mama yake.

Miaka ikapita. Mwaka jana vita vya mashariki viliwaka tena, na marubani wakaanza kulalamika wakinywa chai kwangu. Setilaiti zinapotea, Mama. Watu wa vita wanatupa kelele hewani, GPS inakuwa kipofu, na mara nyingine ni afadhali ikiwa kipofu, maana inadanganya. Mmoja alisema ilimwambia yuko juu ya ziwa, naye chini anaona msitu mtupu. Nikampelekea Nestor habari hiyo nyumbani. Alicheka kicheko kibaya sana. "Ile yangu haikujua kudanganya," akasema. "Ilijua neno moja tu." Halafu akageukia ukutani.

Na katika mvua za mwaka ule ule, Malaika akashikwa na uchungu wa kuzaa. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Walikuwa kambini kwa wachimbaji, ndani kabisa, wakambeba kwa machela mpaka Punia. Alihitaji kupasuliwa haraka, aongezwe damu, na kwa hayo ilikuwa lazima afike Kindu. Kwa bahati ndege ndogo ya watu wa misaada ilikuwa pale, rubani akakubali. Israël akanipigia simu: "Mama, tunapanda. Mutungojee uwanjani." Nikaacha maandazi ndani ya mafuta. Gari la wagonjwa likaja, likaegesha karibu na njia ya ndege, mlango wazi. Muuguzi alikuwa ameshika chupa ya maji ya mshipa tayari. Kila kitu kilikuwa tayari. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, Kindu kila kitu kilikuwa tayari!

Ila mbingu. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya mto wetu Lualaba tangu alfajiri, mazito, ya chini, huoni hata Alunguli kule ng'ambo. Nikasikia injini. Sote tukasikia. Ikapita juu yetu, ikaenda upande wa mto, ikarudi, ikaenda tena. Florentin, yule anayeongea na ndege pale uwanjani, mtu ninayemlisha maandazi miaka yote, alitoka nje redio mkononi, na mimi nikamsogelea mpaka nikasikia sauti ya rubani. Anasema GPS yake imepotea. Anasema haoni kitu. Halafu akauliza: "Balize ya Kindu inafanya kazi?"

Florentin alimwangalia Nestor. Nestor alikuwa amefika, anahema, shati amevaa nje ndani. Rubani akauliza tena. Nestor akachukua redio ile akasema kwa Kifaransa chake cha zamani, cha adabu, kwamba hapana, bwana, haifanyi kazi, lakini nisikilize mimi. Sasa uko juu yetu. Sasa unavuka mto. Geuka. Sisi sote tukawa tunanyoosha vidole kwenye mawingu, kule! kule! na Nestor anamwambia. Ndege ikajaribu. Ikashuka, mngurumo ukakua mpaka watu wakalala chini, nikaona kivuli chake kimoja tu cheusi juu ya miti, mahali ambapo si njia ya ndege kabisa. Ikapanda tena kwa kilio. Rubani akasema, "Papa, merci. Masikio hayatoshi." Mafuta yaliyobaki, akasema, yanatosha kurudi tu.

Nikapiga kelele, "Malaika! Malaika, mama yako niko hapa!" Nilipiga kelele kuelekea juu, kama mwendawazimu, mpaka muuguzi akanikumbatia. Sauti ya injini ikaenda kaskazini, ikawa ndogo, ikaisha. Nestor alibaki ameshika redio.

Kaskazini kulikuwa na jua. Walishuka Punia bila shida yoyote. Malaika alikufa jioni ile, na mtoto wake ndani. Walimzika kule kule, sisi hatukuwepo.

Israël alikuja kwa pikipiki wakati bado tumo katika matanga, tope mpaka kifuani. Nestor alikuwa ametoka kwenda kumwita Mbaraka, maana mwanamume aliyefiwa na mke anapokuja ukweni lazima wazee wawepo. Kwa hiyo alinikuta peke yangu. Hakuingia ndani, aliketi nje kwenye kigoda kama mkwe anavyopaswa. Nilimpa maji. Heshima ni heshima. Kisha nikasimama mbele yake nikamwambia yote niliyokuwa nayo tumboni. Nikamwambia, "Wewe njo ulimuua. Mungu alikupa bibi, na wewe ukachimba kaburi lake kwa koleo lako mwenyewe mbele hata ya kumuoa. Useme! Nataka usikie kinywa chako mwenyewe kikisema!"

Alikunywa maji mpaka mwisho. Akasema, "Ndiyo, Mama. Njo mimi nilichimba."

"Na unaona nini sasa?"

"Mama, usinisukume."

"Nitakusukuma mpaka Lualaba!"

Akaanza kulia, lakini bila sauti. "Mama, mimi ni muntu wa Kampene," akasema. "Ile balize nilikuwa naiona njiani tu. Ningejua namna gani shaba inapita wapi? Papa hakumuonyesha muntu."

Mitaro ile ikanijia machoni. Ilikuwa imenyooka. Mtu anayetafuta anachimba hapa, anaacha, anachimba pale. Mitaro ile haikutafuta kitu. Na aliyemfuata Nestor kule kwenye nguzo tangu utoto, anambebea ndoo ya maji, anacheza miguuni pake anapotengeneza waya, alikuwa mtu mmoja tu.

"Alinipeleka yeye," akasema Israël. "Nilimwambia siwezi mahari ile, ninakwenda zangu. Akaniambia: 'Balize ilikufa zamani, Papa njo hataki kuizika.' Akatembea mbele, mimi nyuma na koleo. Kila mahali aliposimama, shaba ilikuwepo."

Nikaketi chini, palepale kwenye vumbi.

"Ndani ya ndege," akasema, "rubani alipiga ile sindano na kidole, inazunguka bure tu. Akakasirika, akasema hapa kulikuwa balize, nani aliiua? Nilifikiri Malaika hasikii. Alisikia. Akanivuta shati, akasema: 'Usimwambie Papa kama njo mimi.' Na mimi nimekwisha kukuambia wewe. Mama, nisamehe. Papa asijue. Mumuache anichukie mimi, mimi nitabeba."

"Na mimi?" nikamuuliza. "Hakusema kitu juu yangu?"

Alifikiri. Alifikiri kwa kweli, maskini, akitafuta. "Hapana, Mama. Aliomba maji."

Nestor na Mbaraka wakaingia uani. Nestor hakusalimia. Alinyoosha fimbo yake mpaka ikagusa kifua cha Israël, akamwambia yale yale niliyokuwa nimemwambia mimi, karibu neno kwa neno, maana tulikuwa tumeyarudia pamoja kila jioni ya matanga. Wewe njo ulimuua mutoto wangu. Israël akasema, "Ndiyo, Papa. Njo mimi." Mbaraka akataja mbuzi wa kulipia kifo, Israël akakubali wote. Nestor akamtemea mate miguuni. Israël akakubali na hayo. Mara moja tu aliniangalia, na mimi nikaangalia sufuria ya mboga ya sombe. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia kijana yule mpaka kufa kwangu. Chuki ilikuwa chakula changu. Hata hiyo wameninyang'anya, yeye na binti yangu.

Hajarudi tena. Amerudi msituni, wanasema anachimba na hazungumzi na mtu.

Sisi tuko wawili nyumbani. Kila asubuhi kabla ya chai Nestor anasimama, anashika ukuta kwa sababu magoti yamechoka, na anaomba. Anaombea wagonjwa, anaombea nchi. Mwisho anasema: "Bwana, muntu aliyenichimbia shaba yangu, na kila aliyemsaidia, usiwape kupumzika, juu ya udongo wala chini ya udongo." Halafu anangoja. Nililelewa kwamba mke hamwachi mumewe aombe peke yake. Mwanzoni nilijifanya nakohoa. Akageuka akaniangalia, macho yamejaa maji, akauliza, "Mama Malaika, mbona hauitikii? Hukumupenda mutoto wako?"

Kwa hiyo sasa naitikia. Kila asubuhi nasema amina, kisha namimina chai yake.